Mkono Umerudi

Msimu wa sita wa *Wahamiaji wa Zohali* umefika, Singano.
Huko Mtwara sijui kama umeshauona.
Mkono wa Nahodha Orlo umerudi mahali pake.
Wa kushoto. Vidole vitano, kucha safi,
anashikia nao usukani
kana kwamba haukukatwa.

Nimerudisha nyuma mara tatu.
Nikadhani ni wa bandia, nikadhani watasema,
mtu atauliza, "Nahodha, mkono?"
Hakuna aliyeuliza.
Wamevaa nguo mpya zinazong'aa,
wanaongea kama watu wa tangazo la benki,
na yule roboti tuliyemwita Kibiriti,
aliyezimika kila walipokaribia jua
mpaka apigwe kofi la kisogo,
sasa ana mabawa, anatoa ushauri wa ndoa.

Unaikumbuka Barabara ya Kumi na Nne.
Banda la Shemdoe, magunia ya mkonge
yametundikwa madirishani kuziba mwanga,
kiingilio shilingi hamsini, ukikosa unaweka rehani kiatu kimoja.
Nje baiskeli thelathini
zimeegemeana kama wagonjwa wa foleni ya Bombo.
Kanda ilikuwa imechakaa, nyota zina michirizi,
na sisi tukajua: angani kunanyesha.

Kiingereza hatukukijua.
Shemdoe alisimama kando ya runinga na fimbo yake,
alichokielewa akitafsiri, asichokielewa akitunga:
"Hapa Nahodha anasema, wengine waja leo, waondoka leo,
mimi sitoki."
Mpaka leo sijui kama alisema hivyo.

Siku mkono ulipokatwa
(mlango wa chuma unajifunga, hewa inavuja,
watoto wa wachimbaji wako upande wa pili,
na hapakuwa na namna)
banda zima lilinyamaza, hata muuza kashata.
Halafu umeme ukakatika.
Hakuna aliyedai kurudishiwa pesa.
Dada Mwantumu akapanda juu ya benchi, gizani,
akatumalizia yeye:
damu iliganda ikawa shanga,
shanga zikaelea,
watoto wakazidaka wakidhani ni kunazi.

Wiki nzima uliendesha baiskeli ya baba kwa mkono mmoja,
wa pili umeufunga ndani ya shati.
Ukaanguka mbele ya soko la Makorora,
jino likaenda,
na bado ukakataa kujishikiza kwa mkono usiokuwepo.

Tukausokota wa mkonge, nyuzi za kuokota relini,
tukauzika nyuma ya choo cha Shemdoe.
Ukasoma dua, nusu yake ya kubahatisha.
Tukala ubuyu.

Sasa wameurudisha, bila hata samahani.
Na picha ni safi mno, ndugu yangu,
kila nyota imesuguliwa kwa sabuni.
Ile mvua imekatika.

Nilimpigia Mwantumu, yuko zamu ya usiku wodini,
nikamweleza kwa sauti ya kutangaza msiba.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Mimi niliacha msimu wa tatu.
Mlikuwa mnafurahi, sikutaka kuwaambia."
Nikamuuliza, na zile shanga? Kunazi?
"Ile sehemu sikuwahi kuiona hata mara moja.
Mlikuwa mnalia. Ningefanyaje?"
Mtu akaita "nesi", simu ikakatwa.

Juzi nilipita pale. Choo hakipo.
Kuna kijana anachaji simu, ana mwavuli wa njano,
kiti chake kimekaa sawasawa juu ya kaburi letu.
Nilitaka kumwambia.
Nikanunua vocha ambayo sikuihitaji.

Sehemu ya pili inatoka Ijumaa.
Nitaitazama, we nijue tu.
Mkono wangu wa kushoto
nitaufunga ndani ya shati.